Paka na nyoka wa kufugwa chini ya paa moja: usalama uko kwenye mlango na kufuli

KATIKA miji mingi ya Marekani, Kanada na Uingereza si ajabu kuingia katika nyumba ya mtu na kumkuta paka amejilaza kitini sebuleni, ilhali hatua chache kutoka hapo, ndani ya kizimba cha kioo, chatu mdogo amejiviringa chini ya gome la mti. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyekulia mahali ambapo nyoka akionekana hutafutwa fimbo, habari hii huweza kusikika kama mzaha. Lakini huko ughaibuni, ambako wazungumzaji wengi wa Kiswahili nao sasa wanaishi na hata kupanga nyumba pamoja na wenyeji, ufugaji wa nyoka ni jambo la kawaida, na si wachache wanaomleta nyoka katika nyumba ambayo tayari ina paka.

Swali linalojirudia ni kama wanyama hawa wawili wanaweza kuzoeana. Hawazoeani. Paka aliyelelewa pamoja na mbwa tangu udogoni huweza kulala naye mkeka mmoja, kwa kuwa wote wawili wanajua kusoma hisia za wenzao na kujenga mazoea. Nyoka hana tabia hiyo. Anaweza kuacha kuuogopa mkono wa mfugaji wake, lakini hafanyi urafiki na paka. Na paka kwa upande wake haachi kuwa mwindaji kwa sababu tu analishwa kwenye bakuli. Nyumba ambamo paka na nyoka wameishi miaka mingi bila madhara ni zile ambamo hawajapata kugusana.

Picha zinazozunguka katika intaneti, zikimwonyesha paka akimnusa chatu juu ya zulia, huchukua sekunde chache tu za siku nzima. Nyoka aliyetulia kimya mbele ya paka mara nyingi ameganda kwa hofu. Wakati mwingine ametulia kwa sababu anavizia.

NANI HATARINI

Jambo la kwanza la kuzingatia ni ukubwa wa nyoka, kwa kuwa ndio unaoamua ni mnyama yupi kati ya wawili anayehitaji kulindwa zaidi.

Nyoka wanaofugwa kwa wingi majumbani hawana sumu, na wengi wao ni wadogo. Wa kwanza ni nyoka wa mahindi, mwenye rangi ya machungwa na mabaka mekundu, ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Wa pili ni chatu mdogo wa Afrika, ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme na Wamarekani humwita chatu wa mpira, kwa kuwa anapoogopa hujiviringa akawa duara na kuficha kichwa katikati. Huyu anapatikana porini kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwa miaka mingi Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikiwasafirisha kwa wingi kwenda ng'ambo. Nyoka hao wawili kwa kawaida hufikia urefu wa kati ya mita 1 na mita 1.5.

Kwa nyoka wa kiasi hicho, aliye hatarini ni nyoka mwenyewe. Nyoka wa mahindi anapotoka yaiani huwa na urefu wa sentimita 25 hivi na unene wa penseli. Mbele ya paka huyo ni kamba inayotembea. Hata chatu mdogo aliyekomaa hana silaha ya maana dhidi ya paka mwenye kucha na meno marefu membamba. Linalobaki ni watoto wa paka: chatu mdogo hawezi kummeza paka mzima, lakini anaweza kumkaba mtoto wa paka wa wiki chache akamuua, hata kama baadaye atashindwa kummeza.

Kwa majoka makubwa mambo hugeuka. Boa wa Amerika, anayefikia mita 2 hadi 3, ana nguvu za kumuua paka mzima. Chatu wa Burma na chatu wa Afrika, yule anayepatikana hata Tanzania na Kenya, huweza kupita mita 4, na kwao paka ni chakula cha kawaida. Katika jimbo la Florida, ambako chatu wa Burma waliotoroka au kuachiwa na wafugaji wamezaliana katika vinamasi vya Everglades, watafiti waliowapasua wamekuta mabaki ya paka wa nyumbani matumboni mwao. Mwaka 2012 serikali ya Marekani iliwaweka chatu wa Burma na chatu wa Afrika katika orodha ya wanyama waharibifu ambao ni marufuku kuwaingiza nchini humo.

Mtu mwenye paka, tena anayeishi katika nyumba ya kupanga, hana sababu nzuri ya kufuga joka la aina hiyo.

Uamuzi huu ni wa muda mrefu pia. Chatu mdogo huishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa vizuri, na mwaka 2020 mmoja aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai akikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Kwa maneno mengine, nyoka anayenunuliwa leo atawaona paka wawili, pengine watatu, wakipita katika nyumba hiyo. Paka wa sasa akiwa mzee asiyejali kitu, anayemfuata huenda akawa kijana asiyetulia.

WANACHOKIONA

Chatu na baadhi ya maboa wana vishimo vidogo pembezoni mwa midomo vyenye uwezo wa kuhisi joto. Kwa vishimo hivyo nyoka hulitambua umbo la mnyama mwenye damu moto hata gizani. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39, hivyo anapokatiza mbele ya kizimba, nyoka mwenye njaa huona kitu kinachong'aa kama windo. Aidha nyoka hunusa kwa ulimi, na harufu ya manyoya humwambia kuwa chakula kiko jirani. Ndiyo sababu mfugaji aliyetoka kumpapasa paka, kisha akaingiza mkono kizimbani bila kunawa, huweza kuumwa na nyoka mpole ambaye hajapata kumuuma mtu.

Paka huvutwa na mwendo. Kitu kinachojivuta polepole, kikasimama, kisha kikajivuta tena, huamsha hamu ya kuwinda hata kwa paka aliyeshiba. Kizimba cha kioo kwake ni kama dirisha la duka la nyama.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wapya hulisahau. Nyoka wengi wa kufugwa huamka jioni na kuzunguka usiku, na paka naye huchangamka zaidi machweo na alfajiri. Saa nane za usiku, mwenye nyumba akiwa usingizini, wote wawili wako macho.

KIFUNIKO, KUFULI NA TAA

Sehemu kubwa ya ajali huanzia kwenye kifuniko. Matangi ya kioo yanayouzwa madukani mengi yana kifuniko cha wavu kinachokaa juu bila kufungwa, na juu ya wavu huo huwekwa taa ya kumpa nyoka joto. Paka hupenda joto kuliko kitu chochote. Ataruka juu ya tangi, atajilaza pembeni mwa taa, na uzito wake wa kilo 4 au 5 utaubonyeza wavu mpaka uchomoke kwenye fremu yake. Hapo paka huangukia ndani ya kizimba cha nyoka, au huacha upenyo ambao nyoka atatokea.

Hata wavu usipokatika, madhara yapo. Paka akiisukuma taa ikaangukia upande, inaweza kuunguza zulia au pazia na kuwasha moto. Akilalia matundu ya hewa, joto la ndani hupanda na unyevu hubadilika. Akiuvuta waya wa kihisio cha joto ukatoka mahali pake, kidhibiti joto husoma baridi ya sakafu ya chumba na kuendelea kuamuru taa iwake bila kukoma, na nyoka huungua akiwa ndani ya kizimba kilichofungwa vizuri. Kwa chatu mdogo, upande wenye joto wa kizimba hutakiwa uwe na nyuzi 31 hadi 33 na upande wa baridi nyuzi 25 hadi 27. Nyuzi chache zaidi kwa muda mrefu zatosha kumuua.

Kizimba kinachofaa nyumba yenye paka ni kile kinachofunguka kwa mbele, chenye milango ya vioo vinavyoteleza na kufuli ndogo kati ya vioo viwili. Huko Uingereza hutengenezwa zaidi kwa mbao, na taa hukaa ndani, ikiwa imezungushiwa wavu wa chuma ili nyoka asiigusе. Sehemu ya juu huwa ni ubao mgumu, na paka akilala hapo havunji kitu. Anayelazimika kutumia tangi la kufunguka juu atafute kifuniko chenye vibanio vya chuma pande zote nne. Jiwe au kitabu kizito kilichowekwa juu ya kifuniko hakitoshi, kwani nyoka husukuma kwa shingo usiku kucha, leo kidogo na kesho kidogo, na hachoki.

Upenyo wowote unaopitisha kichwa cha nyoka humpitisha nyoka mzima. Matundu ya nyaya, mianya ya hewa na pengo kati ya vioo vinavyoteleza ni lazima vipimwe kwa kichwa cha nyoka aliyepo, na kupimwa upya iwapo ataletwa mwingine mdogo zaidi. Mwezi Agosti 2013, mjini Campbellton katika jimbo la New Brunswick, Kanada, chatu wa Afrika alitoka katika chumba chake kwa kupitia bomba la hewa na kuwaua watoto wawili waliokuwa wamelala. Tukio hilo halikuhusu paka, lakini linaonyesha kuwa mwanya mmoja uliosahauliwa hutosha kuleta msiba.

Baada ya kufuli ya kizimba unakuja mlango wa chumba. Wafugaji wenye uzoefu humtengea nyoka chumba ambacho paka haingii kabisa, na mlango wake hufungwa kwa komeo, kwa kuwa paka wengi hujifunza kuruka na kuning'inia kwenye kitasa mpaka mlango ufunguke. Chini ya mlango huwekwa kipande cha mpira au brashi ya kuziba pengo. Vikiwapo vizuizi viwili, kosa moja halizai ajali: aliyesahau kufuli bado ana mlango, na aliyeacha mlango wazi bado ana kufuli.

Si kila mtu ana chumba cha ziada. Katika nyumba ya chumba kimoja na sebule, kizimba huwekwa juu ya meza nzito isiyotikisika, mbali na kiti au rafu ambayo paka anaweza kuitumia kama ngazi, na pande tatu za kioo hufunikwa kwa karatasi nene au pazia. Nyoka huhitaji mahali pa kujificha angalau pawili, pamoja upande wa joto na pamoja upande wa baridi. Paka anayekodoa macho kwenye kioo saa nzima hamgusi nyoka, lakini humchosha. Chatu mdogo anajulikana kwa kususa chakula kwa wiki au hata miezi anapohisi hayuko salama. Mfugaji huhangaika kubadilisha panya na kupandisha joto, kumbe tatizo limekaa nje ya kioo likitikisa mkia.

Sheria ya Uingereza ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inataja waziwazi jambo hili. Miongoni mwa mahitaji ambayo mwenye mnyama anawajibika kuyatimiza ni hitaji la mnyama huyo kuishi pamoja na wengine au kutengwa nao.

CHAKULA, MIKONO NA USAFI

Nyoka wa kufugwa hulishwa panya waliokufa, ambao huuzwa wakiwa wamegandishwa. Panya hao huhifadhiwa katika chombo chenye kifuniko, mbali na chakula cha watu, na huyeyushwa katika chumba kilichofungwa. Paka akisikia harufu ya panya anayeyeyuka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu atafika, na akimnyakua atamla mbichi pamoja na vijidudu vyote. Kugandisha hakuui bakteria wa salmonela. Mwaka 2014 mamlaka za afya za Marekani zilihusisha mlipuko wa ugonjwa huo katika majimbo kadhaa na panya waliogandishwa waliouzwa kwa ajili ya kulishia nyoka na mijusi.

Wazo la kubana matumizi kwa kumpa nyoka panya aliyekamatwa na paka linafaa kukataliwa. Panya wa mitaani hubeba minyoo, na huenda amekula sumu ya panya siku mbili kabla ya kukamatwa.

Nyoka mwenye afya njema kabisa huweza kubeba salmonela utumboni na kuisambaza kwa kinyesi. Paka anayekanyaga mahali nyoka alipopitishwa, kisha akajilamba miguu, huingia katika mnyororo huo, na kutoka hapo bakteria hufika kitandani na mezani. Taasisi ya CDC ya Marekani hushauri wanyama watambaao wasifugwe kabisa katika nyumba zenye watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa miaka 65 na zaidi, au watu wenye upungufu wa kinga. Vyombo vya nyoka visioshwe kwenye sinki la jikoni wala mahali linapooshwa bakuli la paka. Mikono inawiwe kwa sabuni kabla na baada ya kumshika kila mnyama.

Wakati wa kumtoa nyoka kizimbani, paka huwa amefungiwa katika chumba kingine, na mlango huhakikiwa kwanza. Kumshika paka kwapani huku nyoka akiwa mkono wa pili, eti watambulishwe, ni mzaha wa hatari: paka akishtuka, kucha zake humpata nyoka, mwenye mkono, au wote wawili. Baada ya kula, nyoka huachwa kwa saa 48 bila kushikwa, la sivyo huweza kutapika.

DAWA INAYOUA PAKA

Hatari isiyojulikana sana haitoki kwa nyoka wala kwa paka, inatoka dukani. Nyoka wa kufugwa hushambuliwa na utitiri, wadudu weusi wadogo kama nukta ya kalamu wanaojificha chini ya magamba na kuzunguka macho. Baadhi ya dawa zinazotumika kupulizia vizimba ili kuwaua zina permethrini. Kwa binadamu na mbwa kemikali hiyo, kwa kipimo sahihi, haina madhara makubwa. Kwa paka ni sumu.

Sababu yake iko kwenye ini. Paka hana kwa kiwango cha kutosha kimeng'enya ambacho wanyama wengine hutumia kuivunja permethrini na kuitoa mwilini, hivyo hubakia katika damu na kuvuruga mishipa ya fahamu. Si lazima ainywe. Kulalia kitambaa kilichopuliziwa kisha kujilamba manyoya kwatosha. Dalili hujitokeza ndani ya saa chache: masikio na ngozi hutetemeka, mate hutoka, paka huyumba, kisha hupata degedege. Paka wa namna hiyo hupelekwa kwa daktari wa mifugo papo hapo, na kopo la dawa huchukuliwa ili daktari asome kilichomo. Akiwahiwa hupona mara nyingi. Kumpa maziwa au mafuta ya kula nyumbani ni kupoteza muda.

Kwa hiyo mwenye paka anaponunua dawa ya utitiri hana budi kusoma orodha ya kemikali nyuma ya kopo, na ikiwa kuna permethrini, amwombe daktari nyingine. Ikilazimu kuitumia, kizimba hupuliziwa nje ya nyumba bila nyoka ndani, hukauka kabisa, na nyoka hurudishwa baadaye kwa kufuata maelezo ya kopo.

Mambo huweza kwenda upande wa pili pia. Dawa ya viroboto inayopakwa shingoni mwa paka hubaki vidoleni mwa aliyempaka, na mtu huyo asimshike nyoka kabla ya kunawa vizuri. Mabomu ya moshi ya kuulia viroboto vya nyumba nzima ni hatari zaidi, kwani nyoka hawezi kuikimbia hewa ya kizimba chake. Vilevile dawa za kusafishia zenye fenoli, ambazo nyingi hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, hudhuru paka na nyoka. Sabuni ya kawaida, ikifuatiwa na maji ya klorini iliyopunguzwa makali, kisha kusuuza na kukausha, hufanya kazi hiyo.

WAKIGUSANA

Paka akimng'ata nyoka, jeraha huonekana dogo: vitundu viwili, pengine bila damu. Lakini meno ya paka hupenya kwa kina na kupanda bakteria chini ya ngozi, wakiwamo pasteurela, na nyoka ambaye uponaji wake ni wa taratibu huweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kidonda kuoza kwa ndani. Kila nyoka aliyeng'atwa au kuparuzwa na paka hupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, na daktari anayewajua wanyama watambaao ni bora atafutwe kabla ya kuhitajika, maana si wote wenye ujuzi huo.

Nyoka mdogo asiye na sumu akimuuma paka, jeraha huoshwa na kuangaliwa kama kuna jino lililobaki. Hilo ni jambo jepesi.

Nyoka mkubwa akijizungusha mwilini mwa paka, muda wa kufikiri haupo. Zamani iliaminika kuwa nyoka wakabaji huua kwa kuzuia pumzi. Utafiti uliofanyiwa maboa na kuchapishwa mwaka 2015 na Scott Boback wa chuo cha Dickinson, Marekani, pamoja na wenzake, ulionyesha kuwa mkabo huzuia mzunguko wa damu wa windo katika sekunde chache. Nyoka hufunguliwa kuanzia mkiani, mahali penye nguvu kidogo, akizungushwa kuelekea kichwani, ikiwezekana kwa watu wawili. Kuvuta kichwa humfanya akaze zaidi na meno yake yaliyopinda nyuma huchana nyama. Matone ya spiriti au pombe kali karibu na mdomo wa nyoka huweza kumfanya aachie. Paka aliyeokolewa, hata akitembea mwenyewe, hupelekwa kuchunguzwa mbavu na viungo vya ndani.

NYUMBANI AFRIKA MASHARIKI

Kwa wakazi wa Tanzania na Kenya, nyoka anayekutana na paka karibu mara zote ni wa porini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2013 zinahitaji kibali kwa anayetaka kukaa na mnyamapori, hivyo chatu aliyeokotwa shambani hawi mali ya aliyemwokota. Aidha chatu wote wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao husimamia biashara ya kuvusha mipaka viumbe walio hatarini.

Paka wa uani hawindi kwa kuchagua, na imani kwamba nyumba yenye paka haiingiliwi na nyoka imewagharimu wengi. Swila hutema sumu machoni. Paka aliyetemewa huoshwa macho kwa maji safi mengi mara moja na kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Akiumwa na kifutu, mguu au uso huvimba haraka. Jeraha halichanjwi, halinyonywi wala halifungwi kamba. Nyoka aliyeletwa na paka mlangoni, hata akionekana amekufa, haokotwi kwa mkono.

NYOKA AKITOWEKA

Mfugaji anayekuta kizimba kitupu huanza kumtafuta paka kabla ya nyoka. Paka akamatwe, afungiwe chumba kilichokaguliwa, ndipo msako uanze. Milango ya vyumba vyote ifungwe na nguo zizibe chini yake, matundu ya choo na sinki yafunikwe.

Nyoka wa kufugwa kwa kawaida haendi mbali. Hutafuta mahali penye giza, pembamba na penye joto: nyuma ya jokofu, chini ya mashine ya kufulia, ndani ya sofa, nyuma ya vitabu, katika viatu. Asiyepatikana mchana huonekana usiku, taa zikiwa zimezimwa na mtu ameketi kimya na tochi. Wengine hunyunyiza unga wa ngano kwenye vizingiti ili asubuhi waone alama ya mwili uliopita. Bakuli la maji na mfuko wenye joto chini ya kitambaa, vikiachwa sakafuni karibu na kizimba, huweza kumvuta mwenyewe.

Wapo wafugaji ambao siku ya tatu humtazama paka kupitia mlango wa kioo wa chumba alichofungiwa: akiwa ameketi saa nzima akikodolea macho kona moja ya kabati, kona hiyo ndiyo ya kupekuliwa. Nyoka akipatikana hapo huwekwa kwanza katika ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, na hubaki humo, na paka hubaki alipo, mpaka upenyo alioutokea uonekane na kuzibwa.